Visigino Vyangu Havitaki Baiskeli ya Gia

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na uwahi kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo mume wangu analeta nyumbani baiskeli nisiyoitaka.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule kwenye karakana yenye mafundi wengi, na acha nijisifu mwenyewe kwa kuwa hakuna atakayenisemea: kola zangu hazirudishwi. Miaka yote mume wangu amenipeleka kazini kwa pikipiki yake, lakini sasa kahamishiwa gereji ya upande wa pili wa mji, kwa hiyo nikasema nitakwenda mwenyewe kwa baiskeli, naye akafurahi hadi akawatangazia wenzake kwamba mke wake atapanda baiskeli ya gia ishirini na moja, akaniazimia ya mdogo wake nijifunzie, na hapo ndipo balaa lilipoanza, maana miguu yangu imekulia kwenye cherehani ya kukanyaga, na cherehani nikitaka isimame nakaza visigino, basi nilipoona geti la jirani linanijia nikakaza visigino, pedali zikazunguka nyuma bure, nikaingia na geti. Mdogo wake alicheka mpaka akakaa chini, akasema, "Shemeji, hiyo siyo cherehani," na mtaa mzima sasa unaniita Mama Cherehani.

Wiki iliyopita nikapita kwa fundi baiskeli nikaona moja nyeusi, haina gia za kubadilisha, haina nyaya zinazoning'inia, ukikanyaga mbele inakwenda, ukikanyaga nyuma inasimama. Nikaipanda, nikazunguka uwanja, nikakaza visigino, ikasimama pale pale nilipotaka. Mshauri, nilijivuna, sikufichi. Nikarudi nyumbani nikamwambia mume wangu, "Nimepata yangu, ya mwendo mmoja."

Akasema, "Mwendo mmoja? Mke wa fundi mkuu apande baiskeli ya kupelekea maziwa? Watu watanionaje?"

Nikamjibu, "Kwani wao ndio watakaoikanyaga?" Akanuna, nami nikanuna, na sasa tunapitishiana chumvi mezani bila kusemeshana. Nampenda, na najua ananionea fahari, lakini nikikubali yake nitakwenda kazini kwa hofu kila asubuhi, na nikiikataa atadhani namdharau. Nifanyeje?

Mama Cherehani

JIBU

Mama Cherehani, pole kwa geti, na jirani naye mpe pole yake.

Wewe na mumeo mnaumwa ugonjwa mmoja, majivuno. Yeye anajivunia wewe, wewe unajivunia visigino vyako, na kazi ya kuongea mmeiachia chumvi. Niko upande wako, ila kwanza nikuseme. Ulimwambia mtu wa gereji "mwendo mmoja" ukitegemea aelewe nini? Kwake yeye mwendo mmoja ni gari bovu. Habari ya visigino umenieleza mimi nisiyekujua, yeye anayelala na wewe hukumweleza. Anachojua ni kwamba mkewe aliparamia geti, kisha akakataa zawadi yake.

Kwa hiyo usibishane naye tena. Ijumaa ukitoka kazini mpeleke kwa yule fundi, panda mbele yake, kanyaga, simamisha. Mumeo ni mtu wa mashine, breki nzuri akiiona ataijua. Akibadili gia angani na kudai kwamba hata yeye alikuwa anafikiria hiyo hiyo, mwachie. Hiyo ndiyo gia atakayobaki nayo.

Lakini na wewe usinunue kwa mapenzi tu. Ijaribu kwenye njia yako ya kazini, na mkoba wako begani, mkasi ukiwa ndani. Kama kuna kilima, mwambie fundi aweke kigurudumu cha meno cha nyuma kilicho kikubwa zaidi. Kwenye tambarare utakwenda taratibu, ila kilima utakipanda ukiwa umekaa. Kikikushinda, shuka usukume, na usiangalie nani anakutazama. Breki ya mkono ya mbele ni lazima, maana mnyororo ukikatika visigino vyako havitakuwa na kazi. Weka na kava la mnyororo, la sivyo sketi itakwisha. Kukaza boliti na kutia mafuta mwachie mumeo, ili naye awe na la kuwaambia wenzake gerejini. Na umwambie waziwazi kwamba unamwonea fahari, maana kwenye barua yako yote sijaona mahali ulipomwambia.

Jumatatu ukikaribia geti la karakana, wenzako watakuwa wamejipanga kukutazama, na shemeji yako sitashangaa akiwepo. Usipunge mkono, hujafikia huko. Kaza visigino, isimame, ushuke, kisha ingia ndani ukashone kola zako.