Waliogombea Kiti cha Mume Wangu

Uyole, Mbeya
14 Agosti 1955

Kaka yangu mpendwa Yotamu,

Nakusalimu katika Bwana, wewe na wifi Lusia na watoto wote hapo Mlandege, Iringa. Natumaini kifua chako kimetulia na cherehani inakupa riziki. Mimi na mwanangu Ikupa tu wazima. Baridi imeunguza maharage, lakini tunakula.

Uliuliza mambo yalikwishaje baada ya kumzika mume wangu, Mwene Asukile. Kaka, nimecheka kuliko inavyomfaa mfiwa. Udongo wa kaburi haujakauka, shemeji zangu wawili wakaanza kuugombea umwene, huo uchifu wake. Ezekia, yule mkubwa, alijivika koti la marehemu, ambalo halimfungi tumboni, akawa anazunguka sokoni akiitikia salamu ambazo hakuna aliyempa. Gideoni, mdogo wake, alikariri majina ya mababu waliotawala nchi hii tangu ilipoumbwa. Nilimsikiliza mara mbili, na mara ya pili mababu walikuwa wengine.

Ukweli niliambiwa na mama yao mwenyewe, marehemu Damari, siku moja tukipukuchua mahindi. Babu yao alikuwa mpagazi wa Wajerumani. Mwene wa wakati ule alikataa kutoa watu wa kulima barabara, akakimbilia mlimani, na mpagazi huyo akawaonyesha askari pango alimojificha. Mwene akanyongwa, mpagazi akapewa kofia na kiti. Huo ndio ukoo wao mtukufu. Mjukuu wa yule aliyenyongwa ni Saulo, jirani yangu anayelima viazi, na shemeji zangu humwita mtu wa kuja.

Tena unajua kwetu, anayerithi kiti hurithi na mjane. Ezekia alikuja kuniahidi nyumba ya bati. Gideoni akaja kunieleza kwamba yeye bado ana nguvu kuliko kaka yake. Walinitazama kama ng'ombe wa mnadani, kisha kila mmoja, kwa siri, akaniomba nishuhudie kwamba marehemu alimtaja yeye, kwa kuwa ni mimi peke yangu niliyekuwa naye alipokata roho.

Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, alipokuja barazani, mkalimani aliniuliza marehemu aliacha neno gani. Ezekia alikohoa. Gideoni akanitabasamia. Nikasimama nikasema, "Mume wangu alisema kiti hiki babu yake alikiiba. Alisema kirudishwe kwa Saulo, na mimi nisirithiwe na mtu."

Hapo mzee mmoja akainuka. Akasema hata baba yake alikuwa akisimulia habari za lile pango. Wa pili akaitikia, na wa tatu. Kumbe wote walijua, na miaka yote hiyo walikuwa wakipiga magoti. Hao nao sina neno jema la kuwaambia. Bwana Shauri akamwandika Saulo. Ezekia alilia mbele za watu kama mtoto aliyenyang'anywa muwa, na Gideoni siku hizi akiniona hubadili njia.

Sasa hili nakuambia wewe tu, usimwambie hata wifi. Asukile hakusema lolote juu ya kiti. Siku zake za mwisho alikuwa hawezi kusema kabisa. Alinishika mkono akanitazama, nami sikujua anataka nini. Maneno yale niliyatunga mwenyewe nikiwa njiani kwenda barazani. Mchungaji ametangaza meza ya Bwana Jumapili ijayo, nami sitakwenda. Hilo linaniuma. Machozi ya Ezekia hayaniumi.

Na jana jioni Saulo alikuja nyumbani, amevaa kofia ya umwene. Zamani alikuwa akibisha hodi. Jana aliingia tu, akakaa. Akaniuliza, kwa upole, kama ninaona vema mwene mpya kukaa bila mke wa mwene aliyepita.

Kwa hiyo, kaka, nitengeeni pembe ya kulala. Mimi na Ikupa tunapanda lori la Iringa Jumatano, tarehe 24.

Mpe wifi salamu zangu nyingi, na wapwa wangu uwapapase vichwa kwa ajili yangu. Mungu awalinde mpaka tuonane.

Ni mimi dada yako,
Atuganile