Nilipita Juu ya Dranya

Baba Letasi, alama za vidole kwenye kadi hii ni tope la Dranya, huku kijijini kwa kaka. Sijaoga bado.

Unajua desturi yetu: mtoto mchanga wa kaka yangu hatolewi nje mara ya kwanza kabla shangazi hajafika. Basi tulipokaribia Arua, rubani alikwepa mvua akazunguka mpaka Koboko. Mama Mkongo niliyekaa naye akanigusa: "Angalia, Dranya iko pale chini! Mutu anaruka tu, anafika." Nikaona bati jekundu la kaka, nikapunga kitambaa dirishani.

Tukatua Arua. Kutoka pale barabara ni tope tupu. Boda nimeipanda, boda nimeisukuma. Nafika, mtoto yuko uani! Bibi yake, mama wa wifi, anamwotesha jua, na wageni washamaliza kuku.

"Tulisikia ndege," bibi akasema. "Shangazi iko juu yetu, tukasema amefika."

"Ile ilikuwa kupita, mama. Kufika ni kukanyaga. Rudisha mtoto ndani."

Wakacheka. Mimi nikasimama mlangoni hadi akarudishwa, ndipo nikaingia nikamtoa kwa mikono yangu.

Tunzaneni hapo nyumbani. Waambie watoto binamu yao leo ametoka nje mara mbili, na ya pili ndiyo ya kweli.