Picha Zako Zimekwenda Parokiani

Baba,

Shikamoo. Nimekusalimia kwa mazoea, kisha nikangoja kidogo uitikie. Mjinga mimi.

Maharage tumeshavuna. Ulisema tukimaliza kuvuna tutakaa barazani, tulifungue lile sanduku la bati, unitajie mmoja mmoja watu uliowapiga picha tangu mlipovuka kutoka Burundi mkaja kuanza upya hapa Bisibo. "Uliza mapema," ulinitania, "nikishakufa usinisumbue, sitajibu." Tulicheka sana. Ulipokufa maharage yalikuwa bado na maua. Nimekasirika, Baba, nakwambia kweli, na sijui hata nimemkasirikia nani.

Tulipomaliza matanga nikalifungua peke yangu. Kutu imekula kitako cha sanduku na maji ya masika yameingia. Picha nyingi zimegandana. Ile ya harusi yenu nilipoibandua, uso wa Mama ulibaki kwenye picha ya chini yake. Nilikaa pale sakafuni nikalia kama mtoto.

Parokiani wamefungua chumba cha kutunzia kumbukumbu za familia zilizohamia huku. Sista anayekisimamia alifurahi kuziona. Alitaka kitu kimoja tu: kila picha iandikwe nyuma majina ya waliomo, maana bila majina, alisema, miaka ikipita watakuwa watu tu, wasio wa mtu yeyote.

Nikazunguka nazo. Nilianza kwa bibi Leokadia, jirani yetu mliyevuka naye. Nilimpa ile ya ubatizo, yeye akiwa msichana, anacheka. Alijiona akapiga vigelegele. Akanieleza gauni lile lilikuwa la kuazima, na jinsi ulivyowakaripia wasipepese macho. Nilipotoa kalamu akaweka kidole gumba juu ya uso wake. "Oya, hapana mwanangu, usiandike. Mimi ni mtu wa hapa." Wajukuu zake wanafuatilia vitambulisho, na jina lake la kule hata wao hawalijui.

Ikawa hivyo kila nyumba. Wanafurahi, wanalia, wananikaribisha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kalamu ikitoka wananirudishia picha. Kaka Deo naye alinijia juu: "Unataka watoto wangu waulizwe babu yao katoka wapi?" Nilikuwa na jibu mdomoni. Nikalimeza, kwa sababu ana watoto, na niliona anaogopa kweli.

Na wewe je? Msalabani tumeandika jina ulilolichukua hapa, lile walilokujua nalo wote. Jina ulilopewa na mama yako halipo popote. Ulinitajia mara moja tu tukipalilia mihogo, bila hata kusimamisha jembe, ukaendelea na tuta lako.

Aliyenihurumia ni bibi Leokadia. Alituma niitwe, akafunga mlango, akasema, "Njoo nikutajie. Kichwani weka, karatasini hapana." Wazee wengine waliposikia wakakubali na wao, kwa masharti hayohayo. Sasa nayajua majina yote, Baba. Nikiosha vyombo nayataja, nikienda kisimani nayataja, yakichanganyika naanza upya. Lakini kichwa changu unakijua, kinasahau hata nilipoweka chumvi. Hilo ndilo linaloninyima raha. Kama nikianguka kesho kama ulivyoanguka wewe, wote wale wanaanguka na mimi.

Picha nimezipeleka jana. Sista alizigeuza moja baada ya nyingine, nyuma hakuna kitu. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama nina uhakika, nikasema ndiyo, na haikuwa kweli. Angalau zitakaa pakavu.

Leo asubuhi nimekuja kung'oa majani kaburini kwako. Mashambani hapakuwa na mtu. Nikakuita kwa jina lako, lile la mama yako, kwa sauti. Mara ya kwanza nililitamka vibaya. Nikalirudia mpaka likatoka sawasawa, kama ulivyolitamka wewe kwenye mihogo. Sijui kama umesikia. Nilitaka tu lisikike tena chini ya jua hili, hata kama wa kulisikia ni kunguru tu.

Binti yangu bado mdogo, ana mdomo mwepesi kama alivyokuwa Mama. Akikua akaweza kutunza siri nitamleta hapa, nimsimamishe mbele ya msalaba, nimtajie wote nikianzia na wewe. Hilo nakuahidi. Na kama siku hizo zitakuwa nzuri kuliko hizi, nitampa na kalamu, twende naye parokiani.

Kwa sasa jina lako hata hapa sitaliandika. Ndiyo maana barua hii nimeianza kwa Baba, na naifunga kwa Baba.

Lala, Baba.