Vidonge Nilivyompa Jasmin

"Dawa iliyobaki si kiporo, Mama Jasmin, kwamba kila mwenye njaa anapakuliwa!" Ndivyo Mama Urbano alivyonifokea asubuhi hii, na mimi, unaujua mdomo wangu, nikamwambia akachunge kuku wake.

Baba Jasmin, huyo jirani yetu alisema kweli. Ile UTI ya Jasmin nilimtibu mwenyewe kwa vidonge vilivyobaki nilipougua mimi mwaka jana. Leo siku ya tatu, kaamka anatetemeka kwa homa na ubavu unamuuma hadi analia. Tunakwenda hospitali.

Mama Urbano kazeekea maabara. Anasema wataotesha wadudu walio kwenye mkojo wajue dawa gani inawaua, lakini vidonge vyangu vinaweza kuwaficha wasiote. ~~Nitasema hajameza kitu.~~ Hapana, nitamwambia daktari yote, na pakiti yake nimeibeba. Najuta, mume wangu.

Ugali na samaki wa migebuka vimo kwenye hotipoti. Mama Urbano kaacha jiko lake ili atusindikize, kwao hakujapikwa. Mumewe, Mzee Alphonce, akirudi kutoka shamba la Kasense, mwite umwambie: karibu ndani, tule.

Mama Jasmin