Ukanda Unaofaa Kuishi

Buswelu, Ilemela,
Mwanza.
14 Mei 2024

Mpendwa mdogo wangu Nathaniel,

Hujambo huko Cape Town? Baridi imeshaanza? Kifua chako kinaendeleaje, na unakula chakula cha moto au bado ni mikate tu mbele ya kompyuta? Mimi na wanangu tu wazima, tunamshukuru Mungu. Barua hii nitaipiga picha nikutumie kwenye simu, usije ukasingizia posta. Nimeiandika kwa sababu nikikupigia unacheka, na leo sitaki kuchekwa.

Nathaniel, umetuletea balaa. Hukukusudia, najua, lakini umelileta.

Unakumbuka ile sauti uliyomrekodia Baba wakati wa Pasaka, alipokuuliza kazi yako hasa ni nini? Ukamweleza vizuri kabisa habari za sayari za mbali zinazozunguka nyota nyingine, kwamba mnatafuta zile zilizo kwenye ukanda unaofaa kuishi, pasipo na joto la kuyakausha maji wala baridi ya kuyagandisha. Kisha ukamwambia, "Baba, sisi tuko ndani ya huo ukanda, ndiyo maana tuna maji."

Jamani! Umeondoka Igombe zamani, umesahau. Huku ukanda ni mmoja tu: zile mita sitini kutoka ziwani ambazo serikali imekataza watu kujenga. Nyumba ya Baba imo humo. Na mwaka huu ziwa limepanda kuliko tulivyowahi kuona. Shamba la viazi limekwisha, choo kimezama, na ukuta wa chumbani kwao umelowa hadi kimo cha kitanda. Una ufa wa kupitisha kiganja.

Mashimba, mwenyekiti wa mtaa, alikuja kwa heshima zote kumwomba ahame. Baba akampa kiti, akatoa simu, akamsikilizisha sauti yako. "Mwanangu anasoma mbingu. Amesema huu ni ukanda unaofaa kuishi, na dalili yake ni maji. Wewe umesomea wapi?" Mashimba akaaga, akaondoka. Jirani yao Masalu, aliyekuwa ameanza kung'oa mabati ahamie Buhongwa, ameyapigilia tena. Na ana watoto wadogo mle ndani!

Nilipojaribu kumweleza, Baba aliniangalia kana kwamba bado nasoma a-e-i-o-u. Basi nikakaa chini, nikaisikiliza sauti yako mpaka mwisho. Mbona mwishoni ulisema jambo jingine kabisa! Ulisema kuwa ndani ya ukanda hakutoshi, kwamba sayari inaweza kukaa mahali pazuri na bado ikawa jangwa, hewa yake yote imepeperushwa na nyota yake. Ukasema sayari ya Zuhura, jirani ya hii yetu, huenda iliwahi kuwa na maji, na leo ni tanuri. Ukasema kadiri mnavyozichunguza hizo za mbali ndivyo mnavyozidi kuiogopea hii yetu, maana kukalika kwake si jambo la milele. Nilishika kichwa. Hayo ndiyo maneno ya kumwambia mtu mwenye ufa ukutani! Lakini Baba hafiki huko. Anaizima pale pale panapomfurahisha.

Nina hasira, na zaidi ya hasira nina hofu. Mvua bado zipo. Usinitumie maelezo mimi, na usimrekodie tena. Mpigie, ili akikuuliza umjibu. Nyota usizitaje kabisa. Mwambie kwa Kiswahili cha nyumbani, na kikishindwa, mwambie kwa Kisukuma: Baba, hama. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. La Baba halijafa bado, ila linataka dawa kutoka kwako tu.

Shemeji yako Antoni anakusalimu. Gari la kubebea vyombo ameshalipata, kinachosubiriwa ni Baba kukubali. Winnie wangu anakuamkia shikamoo mjomba, anaomba picha ya sayari yoyote.

Mama anakusalimu sana. Nilimwomba aje kwangu hata kama Baba amegoma. Akasema hajawahi kumwacha mume wake peke yake kwenye nyumba mbovu, hataanza uzeeni. Na kitanda chao unakijua kilivyokaa. Baba hulala upande wa mlango, Mama upande wa ukuta ule wenye ufa.

Mungu akulinde, na akutie maneno kinywani.

Dada yako akupendaye hata anapokugombeza,
Tereza