Jina la kaka Hamza kwenye kibao

Shemeji Mwanaidi,

Salamu kutoka Kwedizinga. Jua la Handeni limenichoma mpaka shingoni, ila bada, ugali wao wa muhogo, na mlenda nashiba. Kadi hii nimepewa na Paola, picha ni ya mji wao.

Paola na Marko ndio Waitaliano waliochora ramani ya zahanati tunayojenga. Walisoma darasa moja, wakatumikia ofisi za watu wakichora vyoo na ngazi, kisha wakafungua yao juu ya duka la mikate. Kila mchoro wanatia saini wote wawili, hata ule waliougombania. Jana waligombania dirisha mpaka bada ikapoa. Mama anayetupikia akawaambia, "Jamani, oaneni yaishe!" Tulicheka wote.

Kofia zao za ofisi zina majina matatu. Nikamuuliza Paola huyo wa tatu yuko wapi.

"Alifariki. Tulisoma naye. Jina lake hatukulitoa mlangoni."

"Na mteja akimtaka yeye?"

Marko akadakia, "Tunamwambia yeye hayupo, ila alivyotufundisha tupo navyo."

Shemeji, uliniomba nikirudi nilifute jina la marehemu kaka Hamza kwenye kibao cha karakana, maana wateja wakimuulizia unaumia. Nilikubali, lakini ile H iliyoinama aliyoiandika mwenyewe, mkono wangu hautaweza kuifuta kwa rangi. Naomba tuiache. Wakimuulizia, wewe usijibu. Niite, nitatoka mimi.

Watoto waambie nawaletea asali. Mungu awalaze salama hapo Masuguru.

Shemeji yako,
Athumani