Beseni Lina Kazi

Mama,

Tunu anatembea! Nimeanza na hilo kwa sababu najua usingekaa kusikiliza salamu. Tangu tumalize arobaini yako nilikuwa nangoja habari ya kukuletea, na sasa ninayo.

Unakumbuka yule mtaalamu wa mazoezi kule kliniki? Alisema mtoto aliyezaliwa na hali ya kimo kifupi kama Tunu, mikono na miguu mifupi, ana kichwa kizito na mgongo bado laini, hivyo tusimkalishe kwa kumwegemeza kabla hajaweza kukaa mwenyewe. Tumlaze kifudifudi kwenye mkeka, tumwache atafute njia yake. Nilirudi Msimbazi na hofu, maana mtaa mzima watoto hujifunza kukaa ndani ya beseni, wamezungushiwa khanga. Hata mwanao, mume wangu, ulimkalisha humo.

Mama Saidi wa chumba cha pili hakutuacha tupumue. "Mnamdekeza huyo. Mtieni kwenye beseni, atakaa tu!" Wewe, mkwe wangu usiyependa kuingiliwa, ukaanza kuloweka mchele wa vitumbua humo kutwa kucha. Kila akija, jibu lako lilikuwa moja: "Beseni lina kazi." Tulikula vitumbua mpaka tukavichukia.

Kisha ukalala mkekani na magoti yako mabovu, ukamwita mjukuu wako. Tunu akaja, miguu ikisukuma, paji la uso likifagia korido nzima. Wapangaji wakacheka. Ukawaambia, "Mwacheni, ana gia zake."

Jana asubuhi nilikuwa nakaanga vitumbua vya kuuza barazani, wabeba mizigo wa sokoni wamenizunguka, nikasikia Mama Saidi anapiga kelele. Nilidhani kaungua. Kugeuka, namwona Tunu ameweka mikono na kichwa chini, ameinua makalio juu, akajinyoosha akasimama. Akaja. Peke yake, Mama, akiyumba, akicheka, korido yote mpaka kwenye beseni lako nililokuwa nimelifudikiza likauke. Akakaa juu yake.

Viti vyote vya nyumba hii humning'iniza miguu. Pale nyayo zake zote mbili zilikanyaga sakafu.

Mama Saidi alipiga vigelegele, wabeba mizigo wakapiga makofi, vitumbua vyangu vikaungua vyote. Nililia kwa furaha, na kwa sababu wewe... ungekuwa umekaa pale pale mlangoni.

Nimenunua beseni jingine la mchele. Mungu akulaze pema, Mama. Nakuahidi nitamwacha Tunu na gia zake, popote zitakapompeleka. Na akija mtu kuliazima lile lako, jibu ninalo.

Mkweo,
Mama Tunu